Direkta wa shule ya msingi anaweza kusaidia walimu wake namna gani?

Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019, masomo ya msingi katika shule za Serikali ni ya bure Kongo nzima, kama vile Katiba ya 2006 inavyosema katika kifungu cha 43. Huku Uvira na katika bonde la Ruzizi, watoto waliobaki nyumbani juu ya kukosa minerval walirudi darasani.

Lakini madarasa yalijaa. Prime ya wazazi, ile iliyobeba walimu wengi wa mijini tangu miaka ya 1990, ilikatwa. Tena wako walimu tunaowaita NU, maana yake « nouvelles unités »: wanafundisha kila siku, lakini Serikali haijaanza kuwalipa. Mwalimu wa namna hiyo akichoka, anaenda kuuza ndagala ao kuendesha moto, na darasa linabaki bila mtu.

Mshahara hautoki kwa direkta. Hata hivyo, kuna mambo yaliyo ndani ya uwezo wake.

Kufuata dosie. Malipo ya walimu yanapitia DINACOPE, ile iliyoitwa zamani SECOPE. Dosie yenye jina lililoandikwa vibaya ao karatasi moja pungufu inaweza kulala miaka. Direkta anayejua kazi yake anachunga kopi za kila mwalimu, anazipeleka mwenyewe kwa sous-proved, na anarudi kuuliza zimefika wapi. Mwalimu anapaswa kuambiwa ukweli, hata kama jibu ni « bado ».

Kuingia darasani kwa kusaidia. Visite de classe ni kazi ya direkta, siyo ya inspekta peke yake. Shida ni kwamba wengine wanaingia kutafuta makosa, wanatia sinyatire kwenye journal de classe, wanatoka. Afazali akae mpaka mwisho wa somo, kisha waongee wawili tu, siyo mbele ya wanafunzi: jambo moja lililoenda vizuri, jambo moja la kutengeneza. Juma linalofuata arudi kuangalia lile moja. Kama watoto ni wengi na kitabu ni kimoja, wagawe darasa kwa vikundi pamoja. Kama mtoto wa mwaka wa kwanza anaongea Kifuliiru, Kivira ao Kibembe nyumbani, watafute namna ya kumsogeza kwanza kwenye Kiswahili, mbele ya Kifaransa kumulemea.

Unité pédagogique. Hapo mwalimu mmoja anatoa somo, wenzake wanaangalia, kisha wanajadiliana. Mwalimu aliyetoka humanités pédagogiques juzi anajifunza kwa mzee wa kazi bila kulipa kitu. Direkta anapaswa kulinda saa hiyo, isigeuke mkutano wa matangazo.

Franka wazi. Franka za uendeshaji zinazotoka Serikalini ni kidogo. Direkta akibandika ukutani kiasi kilichoingia na kilichonunuliwa, chaki ao madaftari ya maandalizi, manung'uniko yanapunguka. Kusaidia walimu siyo kurudisha prime kwa kificho: mtoto hafukuzwi darasani juu ya franka.

Kujua hali ya mtu. Mwezi wa 4 mwaka 2020 mto Mulongwe ulifurika na kuua watu. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda tena, yakaingia ndani ya nyumba. Walimu nao walikuwa kati ya waliopata shida. Mwalimu aliyelala kwa jirani na watoto wake anahitaji mwenzake amshikie darasa siku mbili, kuliko barua ya kumuomba maelezo.

Na wazazi? Kila shule inapaswa kuwa na komite ya wazazi, COPA. Katika mkutano ujao, ulizeni maswali matatu: walimu wangapi hawajalipwa na dosie zao ziko wapi, direkta anaingia madarasani mara ngapi, na franka za uendeshaji zilinunua nini. Direkta anayesaidia walimu wake hatashindwa kujibu.