Mali bila daftari: programu zinazotunza kumbukumbu za vinasaba

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima wa pamba wa Bariadi anaujua ukweli huo: mzigo ukipimwa kwenye chama cha msingi bila kuandikwa, malipo yamo mashakani. Ndivyo ilivyo pia kwa wanaosoma vinasaba, yaani DNA, vya mimea, wadudu na vimelea vya maradhi.

Mashine ya kusoma vinasaba haitoi kitabu kizima kwa mkupuo. Hutoa maelfu hadi mamilioni ya vipande vilivyoandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Vipande hivyo huwekwa katika faili la FASTQ, ambamo kila kimoja huchukua mistari minne: jina lake, herufi zake, alama ya kujumlisha na alama za ubora. Ubora wa 20 una maana ya uwezekano wa kosa moja katika herufi 100. Ubora wa 30, kosa moja katika 1,000.

Tatizo ni ukubwa. Vinasaba vya binadamu vina herufi takriban bilioni tatu, na aghalabu kila sehemu husomwa mara 30 hivi ili kupunguza makosa. Faili za mtu mmoja hufikia makumi ya gigabaiti hata baada ya kubanwa.

Kama pamba ya Simiyu inavyoshindiliwa kuwa marobota kabla ya safari, ndivyo programu zinavyozibana faili hizo. Mwaka 2009 Heng Li, Richard Durbin na wenzao walichapisha taarifa ya SAMtools, programu ya bure inayopanga vipande na kuviwekea faharasa, ili mtafiti afikie sehemu anayoitaka bila kupekua faili zima. Muundo wa CRAM hubana zaidi: huandika tu pale kipande kinapotofautiana na kielelezo. Programu ya iRODS nayo huambatanisha kila faili na maelezo ya asili yake.

Nchini, umuhimu wa kazi hii ulionekana mwaka 2017, watafiti walipotumia MinION, mashine inayoshikika mkononi, kusoma virusi vya mihogo Tanzania, Uganda na Kenya. Majibu yaliyokuwa yakisubiriwa kwa miezi yalipatikana ndani ya saa 48. Miongoni mwa maradhi ya virusi vya mihogo ni michirizi ya kahawia, iliyoripotiwa kwanza Tanganyika mwaka 1936 na H. H. Storey.

Virusi vya michirizi ya kahawia vina herufi zipatazo 9,000 tu. Kwa nini basi kutunza vipande vyote? Kwa sababu vipande vya leo vinaweza kupekuliwa upya kesho, na kufichua kirusi ambacho hakuna aliyekuwa akikitafuta.

Hazina za kimataifa za Marekani, Ulaya na Japani hupokea data hizo bure, hubadilishana na kuzipa namba za usajili. Hata hivyo, hakuna programu inayoweza kukisia kilichosahaulika shambani. Jani la muhogo lililochumwa Maswa au Itilima bila kuandikiwa mahali na tarehe litasomeka vizuri, lakini halitamwambia ofisa kilimo ni shamba lipi ling'olewe wala mbegu ipi isisambazwe.