Escape from Mogadishu: Muvi ya Wakorea Inayoishia Hapa Mombasa

Kama uko Sigowet unangoja mechi iishe kibandani ndio wawekewe muvi ya risasi, waambie waweke hii. Escape from Mogadishu ni muvi ya Korea Kusini iliyotoka Julai 2021, ikiongozwa na Ryoo Seung-wan. Stori imetokana na mambo yaliyotendeka kweli hapo jirani Somalia, Januari 1991.

Siad Barre alikuwa ameshika nchi tangu 1969, na waasi wa USC wakaingia Mogadishu kumtoa. Mjini kulikuwa na Wakorea wa pande mbili, kila mmoja na ubalozi wake, na hawasalimiani. Kilichowaleta ni kura: kila upande ulitaka sapoti ya nchi za Afrika kwenye Umoja wa Mataifa, na kila mmoja anamchomea mwenzake. Moto ulipowaka, kwenye muvi wasee wa Kaskazini wanavamiwa, ubalozi wao unafagiliwa wote. Usiku huo wanabaki na mlango mmoja tu wa kubisha, wa adui.

Balozi wa Kusini ni Kim Yoon-seok, wa Kaskazini Huh Joon-ho. Cheki ile scene ya chakula. Wageni wana njaa lakini hakuna anayegusa, wanahofia sumu, mpaka mwenyeji abadilishe bakuli na mgeni na aanze kula yeye. Hakuna bunduki hapo, na bado unashikilia kiti.

Halafu zile ndai! Wanazivalisha vitabu na mifuko ya mchanga zizuie risasi, wanazikanyagia kuelekea ubalozi wa Italia. Manze, hiyo safari ni noma.

(Kama hujaiona, ruka paragrafu hii.) Ndege inatua Mombasa, lakini wanaagana ndani, kabla ya mlango kufunguliwa. Wakishuka, kila mtu na gari lake, hakuna kugeuka nyuma. Serikali zao zikijua walilishana, kuna watu watalipa. Korea Kusini ina sheria ya usalama ya tangu 1948 inayokataza kupatana na Kaskazini bila ruhusa. Cha kushangaza, Septemba 17 mwaka huohuo wa 1991, nchi zote mbili ziliingia Umoja wa Mataifa siku moja.

Hiyo Mogadishu unayoona ni Essaouira, Morocco, kwa sababu Korea Kusini hairuhusu raia wake kwenda Somalia. Ilibeba tuzo ya muvi bora ya Blue Dragon 2021, na ikapelekwa Oscars kuwakilisha nchi.

Shida yangu ni moja: Wasomali wenyewe wako pale kushika bunduki na kukimbia tu, huwezi kukumbuka jina la hata mmoja. Na vita hivyohivyo ndivyo vilivyoleta maelfu ya Wasomali Kenya, kambi za Dadaab zikafunguliwa 1991. Hao hawakupata ndege. Muvi yao bado tunaingoja.