Mlango wa Kacyiru

Katika kikundi chetu cha vijana hapa Kigali tuna sanduku dogo la katoni. Mwenye swali linalomtia haya analiandika bila jina, analitumbukiza ndani, na mwisho wa wiki tunasoma pamoja. Siku moja nilifungua karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: "Rafiki yangu alifanyiwa vibaya na mtu. Akienda polisi watamsaidia ao watamuomba kitambulisho kwanza?"

Chumba kilinyamaza. Kijana mmoja akacheka kidogo, si kwa ubaya, ni vile mtu anacheka akiogopa. Mwingine akasema, "Aende Isange." Nikauliza Isange ni nini. Mmoja akasema ni hospitali, mwingine akasema ni polisi, wa tatu akasema ni shirika la wamama. Kumbe wote wana kipande cha ukweli. Nikaona haitoshi kumpa mtu namba ya simu tu. Wengi wetu tulitoka mahali ambapo ukiona sare unabadilisha njia. Kabla ya kuamini mlango, mtu anataka kujua nani aliujenga na kwa nini. Basi nikaenda kusoma na kuuliza wakubwa.

Kwanza tujue kwamba Polisi ya Taifa ya Rwanda tunayoiona leo barabarani bado ni changa. Iliundwa kwa sheria ya tarehe 16 Juni 2000. Kabla ya hapo kulikuwa na polisi wa aina tatu. Jandarmeri ilikuwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Polisi wa upelelezi walikuwa chini ya Wizara ya Sheria. Na polisi wa komini walikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, lakini kila siku waliamriwa na mkuu wa komini, yule ambaye watu walimwita burugumesitiri. Kwa mtu wa kijijini, polisi aliyemjua kwa sura alikuwa huyu wa komini.

Kilichotokea kwenye ofisi za komini mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kiliandikwa mahakamani. Jean-Paul Akayesu alikuwa burugumesitiri wa Taba, eneo ambalo leo liko wilaya ya Kamonyi, si mbali na Kigali. Watu walikimbilia ofisi yake wakidhani serikali itawakinga. Wanawake walibakwa palepale kwenye eneo la ofisi, na polisi wa komini walikuwa chini ya amri yake. Tarehe 2 Septemba 1998 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda kule Arusha ilimtia hatiani. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza kusema kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo.

Kuna jambo moja katika kesi ile ambalo wafanyakazi wa misaada wangefaa kulikumbuka. Mashtaka ya mwanzo, ya mwaka 1996, hayakuwa na ubakaji hata kidogo. Ulitajwa na mashahidi wenyewe walipokuwa wanatoa ushuhuda wa mambo mengine, na kati ya majaji watatu alikuwepo mwanamke mmoja, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Mashtaka yakarekebishwa Juni 1997. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1996 ilikadiria kwamba waliobakwa walikuwa kati ya 250,000 na 500,000, lakini karatasi ya kwanza ya mashtaka haikuwa na hata mstari mmoja juu yao. Wale wamama hawakukosa la kusema. Walikosa mtu wa kuwauliza, na mahali pa kukaa wakasema.

Nchi ilianza kutengeneza mahali hapo polepole. Mwaka 2005 polisi walifungua dawati la jinsia, lenye maafisa wa kushughulikia ukatili wa nyumbani na wa kingono. Mwaka 2008 ilitoka sheria ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia. Sheria ilikuwepo na dawati lilikuwepo, lakini bado kulikuwa na shida ya miguu. Tuseme msichana amebakwa Jumamosi usiku. Anaenda kituo cha polisi, anaeleza. Anapewa karatasi ya kwenda hospitali. Hospitali anaeleza tena, mbele ya watu wengine waliokaa kwenye benchi. Daktari anayejaza karatasi ile pengine hayupo mpaka Jumatatu. Anarudi polisi na kueleza mara ya tatu. Nauli inakwisha, ushahidi mwilini unapotea, na aliyemtenda anapata muda wa kwenda kwa wazazi na pesa mkononi ili mambo "yaishie nyumbani".

Julai 2009, katika Hospitali ya Polisi ya Kacyiru hapa Kigali, kilifunguliwa kituo cha kwanza cha Isange. Isange ni neno la Kinyarwanda la kumkaribisha mtu, yaani jisikie uko kwenu. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalisaidia kukianzisha. Wazo lenyewe ni jepesi: badala ya mtu aliyeumizwa kuzunguka kutafuta watu wanne, wale watu wanne wakae pamoja na kumngojea. Daktari anamtibu na kuchukua ushahidi. Mshauri wa saikolojia anakaa naye. Mpelelezi anaandika maelezo. Mtu wa sheria anamweleza kesi inavyokwenda. Yote bila malipo, mchana na usiku. Na kwa kuwa jengo ni hospitali, jirani akikuona unaingia hajui kama umekuja kwa malaria ama kwa jambo lingine. Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini muulize msichana yeyote wa mtaani kwetu.

Rwanda haikuwa ya kwanza kufikiri hivi. Afrika Kusini ilianza vituo vya Thuthuzela mwaka 2000, na Nairobi Women's Hospital ilifungua kituo chake mwaka 2001. Kitu kilichokuwa tofauti Kigali ni kwamba kituo kilizaliwa ndani ya nyumba ya polisi wenyewe. Mwezi wa Oktoba 2010 wakuu wa vyombo vya usalama vya nchi kadhaa za Afrika walikutana hapa Kigali wakatoa tamko la kukomesha ukatili dhidi ya wanawake na wasichana. Baadaye vituo vya Isange vilienea kwenye hospitali za wilaya mpaka vikapita 40. Kwa hiyo msomaji wa Mahama hahitaji kupanda basi mpaka Kigali, hospitali yake ni Kirehe. Wa Kiziba, ni Kibuye.

Hapa lazima niseme badiliko moja ambalo linachanganya watu. Mwaka 2017 iliundwa Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, na kazi ya kupeleleza makosa ikatoka polisi ikaenda huko. Isange nayo ikahamia upande wa RIB. Kwa hiyo yule kijana aliyesema Isange ni polisi alikuwa anasema historia, na hakukosea sana.

Polisi wana milango mingine ya kukutana na raia, nitaipitia haraka. Kamati za ulinzi wa jamii zilianza mwaka 2007, watu wa mtaa wanachaguliwa ili kuzungumza na polisi juu ya wizi, dawa za kulevya na ugomvi wa nyumbani. Mwaka 2013 vijana walianzisha umoja wa vijana wa kujitolea katika ulinzi wa jamii, na wakati wa korona tuliwaona masokoni na kwenye vituo vya basi wakisimamia kunawa mikono. Mei 2019 ilianza kampeni ya Gerayo Amahoro, maana yake fika kwa amani, ya kupunguza ajali barabarani. Polisi pia wanajengea familia maskini nyumba, na wanakuja kwenye umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kisha kwenye mkutano baada ya kazi afisa anasimama na kuongea.

Mimi nimekaa kwenye mikutano hiyo mara nyingi na sisemi haina faida. Lakini kwenye mkutano afisa anaongea na watu 200 kwa pamoja, na yule mwenye siri hawezi kunyoosha mkono. Ndiyo maana nimekaa sana kwenye habari ya Isange. Ni huduma iliyopangwa kwa ajili ya mtu ambaye hawezi kuongea mbele ya watu.

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Siwezi kuandika juu ya polisi katika gazeti la wakimbizi halafu niruke Februari 2018. Mwezi wa kwanza mwaka ule, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikata posho ya chakula kwa asilimia 25 kwa kukosa pesa za wafadhili. Wakongomani wa Kiziba, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, walitelemka mlima mpaka mjini Karongi wakakaa nje ya ofisi ya UNHCR. Tarehe 22 Februari polisi walitumia risasi. Watu wasiopungua 11 walikufa. Polisi walisema waandamanaji waliwashambulia kwa mawe na askari kadhaa wakaumia. UNHCR iliomba jambo hilo lichunguzwe.

Simtaji mtu na siandiki ili kuchochea. Nataja kwa sababu afisa wa shirika anapokuja kambini kufundisha juu ya Isange, na wamama wanamsikiliza kimya wakiangalia chini, asifikiri hawajaelewa somo. Wengine wameelewa sana. Mmoja kati yao pengine alizika mtu mwaka ule. Huyu anaambiwa ajisikie yuko kwao, na moyoni anapima. Ukitaka aamini, usimfiche historia. Mwambie yote mawili: kwamba mlango huu umesaidia watu wengi, na kwamba hofu yake ina sababu.

Kuna na lugha. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda, ya nne baada ya Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Lakini lugha rasmi kwenye sheria si sawa na muuguzi wa usiku anayekielewa. Wakongomani wengi wa kambini wanaongea Kinyarwanda vizuri, Warundi wanaelewana nao, lakini mjini tuko na wengine waliotoka Uvira, Fizi na Bukavu ambao wakifika kwenye maneno ya mwili na ya aibu, Kinyarwanda chao kinakwisha. Mara nyingi anayetafsiri ni mtoto ama jirani. Fikiri mama anaeleza alivyobakwa kupitia kinywa cha mtoto wake wa miaka 12. Hapo kuta nzuri za kituo hazisaidii kitu. Kama wafanyakazi wa misaada wananiuliza nataka nini, naomba hili kwanza: orodha ya watu wazima waliofundishwa kutafsiri na kutunza siri, wanawake kwa wanaume, wanaoweza kupigiwa simu saa nane ya usiku.

Kwa ile karatasi nyekundu, nilibandika jibu ukutani ili mwenye swali asome bila kujulikana. Niliandika hivi. Huduma ya Isange ni ya kila mtu, mkimbizi pia, na ni bure. Kitambulisho ukiwa nacho beba, usipokuwa nacho usirudi nyuma, matibabu ndiyo ya kwanza. Nenda haraka. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinafanya kazi zikianzwa kabla ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Za kuzuia mimba zinafaa mpaka siku tano, lakini mapema ni bora. Usioge kwanza, na nguo usifue, ziweke kwenye bahasha ya karatasi. Ukiwa kwenye hatari piga 112. Ukihitaji mtu wa kukusindikiza, njoo kwa yeyote kati yetu, hatutakuuliza maswali.

Wiki mbili baadaye kulikuwa na karatasi nyingine sandukuni, kalamu ileile nyekundu. "Saa 72 zilishapita. Bado anaweza kwenda?"

Niliandika: ndiyo. Bado kuna vipimo, kuna matibabu mengine, kuna mshauri, na kesi inaweza kufunguliwa. Mama mmoja anayetupikia chai siku za mkutano, mtu asiyeongea sana, aliomba kalamu. Chini ya jibu langu akaongeza kwa mkono wake: "Mimi naenda Kacyiru Jumanne asubuhi. Anayetaka twende pamoja, anikute kituo cha basi saa moja. Sitamuuliza jina."