Kazi Isiyotajwa

Somo: Yohana 19:25-27

Bwana Yesu akiwa msalabani alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi wake, naye akampokea nyumbani. Kazi ya kila siku iliyofuata katika nyumba ile haikuandikwa. Tangu zamani kazi ya kuwatunza wazee na wagonjwa hufanyika bila kutajwa.

Huko Uingereza alikuwako mchungaji mwanamke wa kanisa la Congregational, Mary Webster. Mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka 31, aliacha utumishi wake ili awatunze wazazi wake wazee. Siku zile mzazi akidhoofika, binti asiyeolewa ndiye aliyetazamiwa kubaki nyumbani. Aliacha mshahara, na pamoja nao akiba ya uzeeni. Wazazi walipofariki, wengi wao walibaki katika umaskini.

Mwaka 1963 Webster aliandika magazetini juu ya taabu hiyo. Wanawake wengi wakamjibu, kila mmoja akiwa amedhani yuko peke yake. Mwaka 1965 kikaundwa chama cha kuwatetea. Webster alifariki mwaka 1969, lakini kazi aliyoianzisha haikufa.

Mwaka 1976 serikali ilianza kumlipa posho mtu aliyeacha kazi ili amtunze mgonjwa. Walakini mke wa mtu alinyimwa. Ilidhaniwa kwamba yeye angekuwa nyumbani tu. Jacqueline Drake, aliyeacha kazi mwaka 1984 ili amtunze mama yake, alipeleka shauri mbele ya sheria. Mwezi wa Juni 1986, Mahakama ya Jumuiya ya Ulaya iliamua kwamba kuwabagua wake za watu hivyo si halali.

Hesabu ya watu ya mwaka 2001 ndiyo ya kwanza kuwauliza watunzaji hao. Katika England na Wales walipatikana zaidi ya milioni 5. Walikuwapo siku zote, ila hakuna aliyewauliza.

Na sisi je? Katika ibada twawataja wagonjwa kwa majina na kuwaombea. Yule anayewageuza kitandani, kuwaosha na kuwalisha, twamtaja? Pengine ni dada ambaye hajaonekana kanisani mwaka mzima, nasi tukasema amepoa. Kabla ya kumhukumu, twende tukabishe hodi kwake. Mmoja wetu akae na mgonjwa Jumapili moja, ili yeye naye apate kuja ibadani.