Kibiro, kijiji kilichokula kwa chumvi

Vijana wenzetu, hapa Nakaloke chumvi tunanunua dukani tu. Zamani watu waliitoa wapi? Twende Kibiro, kijiji kidogo cha Bunyoro, magharibi mwa Uganda, kando ya Ziwa Albert. Udongo wa pale haufai kulima, ila kuna chemchemi za maji moto yenye chumvi.

Kazi ni ya akina mama. Wanatandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye maji ya chumvi. Jua likiwaka, chumvi inapanda kwenye ule udongo. Wanaukwangua, wanautia kwenye chombo chenye matundu, wanaumwagia maji. Yanayochuruzika wanayachemsha mpaka chumvi ibaki. Udongo hautupwi, unarudi kutandazwa tena.

Mwanaakiolojia Graham Connah alichimba pale miaka ya 1989 na 1990. Kumbe kazi hii ina miaka kama 900! Chumvi ilipanda mlima kwenda sokoni, chakula kikashuka.

Wengi wetu pia hatuna shamba, na watu wanatuona wa kungojea msaada tu. Lakini kati yetu kuna mafundi cherehani, maseremala, wasusi. Tufundishane.

Na nyinyi ndugu wa mashirika, angalieni jambo moja: viwanja vile vya chumvi ni mali ya akina mama wenyewe, mama anamwachia binti yake. Ujuzi wao ulipata pa kukaa. Kabla ya kutuletea semina nyingine, tuulizeni tunajua nini, na tutafanyia wapi.