Msimulizi Anayejitazama: Juu ya Riwaya ya "Giovanni's Room"

James Baldwin aliondoka New York mwezi wa Novemba 1948, akiwa na umri wa miaka 24, akaenda kuishi Paris. Riwaya yake ya kwanza, iliyotolewa na Knopf mwaka 1953, ilimpatia sifa ya kuwa mwandishi wa Harlem na wa watu weusi. Alipoleta mswada wa Giovanni's Room, yaani "Chumba cha Giovanni", shirika hilohilo liliukataa. Kisa chake kilikuwa cha mapenzi baina ya wanaume wawili, tena wote wazungu. Dial Press ndiyo iliyokitoa kitabu mwaka 1956.

Wapo wasomaji waliokichukua kitabu hiki kuwa ushahidi kwamba mapenzi ya namna hiyo hayana mwisho ila mauti. Usomaji huo una kosa moja kubwa: unamsadiki mno msimulizi.

David, kijana Mmarekani, anasimulia usiku wa kuamkia siku ambayo Giovanni atakatwa kichwa kwa gilotini. Yuko peke yake katika nyumba ya kupanga kusini mwa Ufaransa, naye anaitazama sura yake katika kioo cha dirisha. Anayekufa ni mwingine. Anayejitazama ni yeye. Ndivyo alivyo tangu ujana wake, alipolala na rafiki yake Joey kisha akamkimbia asubuhi na baadaye kumtesa. Ndivyo alivyo pia kwa Sue, mwanamke anayemtumia usiku mmoja tu ili ajithibitishie uanaume. Hella, mchumba wake, anaporudi kutoka Hispania alikokwenda kuitafakari posa, David anakihama chumba cha Giovanni bila hata kuaga. Giovanni, Mwitalia aliyekwisha kufukuzwa kazi katika baa ya Guillaume, anabaki bila fedha wala mtu. Anamrudia Guillaume kuomba kazi, anadhalilishwa, anamwua.

Mapenzi yenyewe, basi, hayakumwua mtu. Wala sheria ya mahali haitoshi kuieleza hofu ya David, kwa kuwa Ufaransa ilikuwa imeyaondoa mapenzi hayo katika orodha ya makosa ya jinai tangu 1791, ilhali New York iliendelea kuyahesabu kuwa jinai hadi 1980. David aliivuka bahari na hukumu ya kwao moyoni. Anataka kuonekana safi, na gharama ya usafi huo wanailipa wengine, Hella akiwa mmojawapo. (Hella, kwa kweli, amesahauliwa mno na wahakiki.)

Kumpa mtu wa aina hii usimulizi wa nafsi ya kwanza kulikuwa uamuzi wa ujasiri. Maungamo yake ni fasaha, hata msomaji huanza kumwonea huruma kabla ya kukumbuka kwamba Giovanni hapewi nafasi ya kujibu. Alfajiri David anaichana barua iliyomjulisha siku ya kifo, anavitupa vipande hewani, na upepo unamrudishia baadhi yake.