Malick Sidibé na Usiku wa Bamako

Mali ilipopata uhuru mwaka 1960, wengi waliitazama bendera. Malick Sidibé, mwana wa wafugaji wa Soloba, aliwatazama vijana wakicheza dansi. Jumamosi usiku alipanda baiskeli akaenda toka karamu hata karamu mjini Bamako, na kabla ya mapambazuko alirudi dukani kusafisha filamu. Picha ndogo zilibandikwa juu ya karatasi nene, zikatundikwa nje, ili kila mtu ajitafute na kuagiza nakala yake. Nadhani wengi walikuja kujitazama tu!

Niipendayo zaidi ni ile ya Krismasi ya mwaka 1963: mvulana mwenye suti na msichana asiye na viatu wanacheza, vichwa vyao vikikaribia kugusana. Hamna waziri wala hotuba humo. Walakini atakaye kujua jinsi rika lile lilivyouonja uhuru hana budi kuitazama.

Ulaya ilichelewa kumjua. Mwaka 2007 alipewa Simba wa Dhahabu wa Venice kwa kazi ya maisha yake yote, akiwa Mwafrika wa kwanza kupata heshima hiyo. Hata hivyo hakuliacha duka lake la mtaa wa Bagadadji, lililojaa kamera mbovu alizozitengeneza. Alifariki mwaka 2016.